Nguzo Thelathini na Moja

Port Victoria,
2 Septemba 2025

Kwa Lornah Amolo,

Mulembe, nakusalimu. Usishangae ukiona barua inanuka samaki. Imekuja na gari la Frankline, yule anayepeleka sangara Kisumu kila Jumanne. Nimemwambia aiweke mbele pamoja naye, si nyuma kwenye barafu. Sijui kama atatii.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu hapa kwangu ni ya nyumba nzima. Meseji ikiingia inasomwa na mke wa mwanangu, halafu wajukuu, halafu mimi naelezwa. Mambo yetu ya wodini, ya kizazi kilichotolewa na miale tuliyochomwa wiki tano, sitaki kuyasikia yakisomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la sita. Kwa hivyo tuandikiane.

Celestine wa mazoezi ya viungo alinipigia wiki jana. Anasema mwezi wa nane hukuenda kliniki, na simu zake hushiki. Lornah, tulilala vitanda vinavyotazamana kwa miezi miwili. Najua wewe ukinyamaza kuna jambo. Ni nini?

Mimi nipo, ila nimechoka kuchoka. Siku niliyorudi nyumbani wamama wa kanisa walipanga zamu: Jumatatu huyu analeta maji, Jumanne yule ananianikia dagaa wa omena, na mpaka leo hawajaacha. Nikigusa ndoo napigiwa kelele. Wananipenda, nitawakataaje? Lakini nimekaa kwenye kiti miezi mitano. Juzi nilitoka kwenda kumwangalia mbuzi nyuma ya nyumba, na kabla sijamfikia nilikuwa nahema, nikarudi. Ndipo nikakumbuka Celestine alivyotuambia siku ya kutoka. Uchovu huu hauishi kwa kulala, unaisha kwa kutembea kidogo kila siku. Hesabuni kitu ambacho hakihami, alisema. Hesabuni nguzo za stima.

Leo asubuhi nimeanza. Nguzo nne, na wakati wa kurudi nimekaa chini mara mbili. Unakumbuka ule mtihani wake wa kutembea dakika sita kwenye korido? Mimi nilifika mita mia mbili na kumi, wewe mia mbili na sitini, ukanicheka hadi mshono ukakuuma. Sasa niambie uko nguzo ngapi.

Na kliniki yetu sote wawili ni Alhamisi, tarehe 20 Novemba. Twende pamoja.

Dada yako,
Selpha Nasipwondi


Manyatta, Kisumu,
9 Septemba 2025

Nyamera Selpha,

Dada yangu, barua haikunuka samaki. Ilinuka Frankline, na hiyo ni mbaya zaidi.

Mimi ni mzima. Nashona. Kwaya ya wamama imeniletea vitambaa vya nguo ishirini na nne za Krismasi, kijani na kola nyeupe, na kila mmoja anataka aonekane mwembamba.

Kliniki siendi, tusizungushane. Kliniki ni mahali pa kupewa habari, na mimi sina haja na habari. Bridget wetu wa wodini alikwenda mwezi wa tano kwa miguu yake mwenyewe, akapewa habari, na mwezi wa saba tukamzika. Wewe hukuweza kufika. Mimi nilikuwepo.

Unaniuliza nguzo? Kumi na mbili, kila asubuhi, kabla ya chai. Hizo nne zako ni za mtoto anayejifunza kusimama.

Lakini najua hutaniacha, kwa hivyo nakupa masharti. Siku utakayofikia nguzo zangu, nitakwenda kliniki bila kusukumwa na mtu. Usiponifikia kabla ya tarehe 20, hilo neno kliniki usilitaje tena kati yetu. Na ujue mimi sitakungojea mahali pamoja.

Lornah


Port Victoria,
23 Septemba 2025

Lornah,

Masharti nimeyakubali. Frankline ni shahidi, ingawa hajui ni shahidi wa nini.

Shida yangu ya kwanza haikuwa miguu, ilikuwa watu. Huku kwetu mtu hatembei bure. Mwanamke akionekana barabarani asubuhi mikono mitupu, ama ana msiba ama amegombana na bwana yake. Wiki ya kwanza nilikuwa nasimamishwa mara sita kabla ya kufika nguzo ya tatu. "Mama Wafula, unaenda wapi na wewe ni mgonjwa?" Mmoja alinishika mkono akanirudisha hadi mlangoni. Na Wechuli, mume wangu, anaamini nikitembea mshono utafunguka. Mshono umepona tangu mwezi wa tano, lakini haamini mpaka auone, na mimi sitamwonyesha kila siku.

Nikafikiri. Nikamshika kuku mmoja mwekundu, nikamweka kwapani, nikatoka. Mtu mwenye kuku kwapani ana safari, hakuna anayemuuliza. Nilisalimiwa tu, nikapita. Tangu siku hiyo tunatembea naye kila asubuhi na sasa amezoea, hata hapigi kelele. Ila jana yule mama anayeuza mafuta ya taa karibu na nguzo ya saba alinitazama sana, akaniuliza, "Mama Wafula, na hii kuku yako bado haijafika tu?"

Nilicheka hadi mkojo ukanitoka kidogo. Nakwambia kwa sababu ni wewe. Tangu ile miale kibofu changu hakina subira, na nakijua kila kichaka kilichoko kati ya hapa na ziwani. Celestine alisema hilo nalo lina mazoezi yake, ya kubana na kuachia. Nayafanya nikichambua omena, na wote walioketi karibu yangu hawajui.

Nimefika nguzo tisa. Nikirudi nalala saa nzima kama gunia. Lakini nikiamka naona kuna kitu kimeongezeka mwilini, sijui nikiite nini.

Selpha


Manyatta,
7 Oktoba 2025

Selpha,

Habari za kuku nimezisoma mara nne. Nilimsomea hata binti yangu Winny, ila nikaruka pale pa kibofu.

Nakutumia sketi mbili. Lastiki ni laini, haitabana tumbo, na ndani nimeshonea kitambaa kizito cha kuvuta maji ambacho unakifungua na kukifua. Mtu hataona kitu. Nimebuni mwenyewe, na mimi pia navaa. Vaa viatu vinavyofungwa, si ndala. Kunywa maji hata kama unaogopa vichaka.

Nguo za kwaya zinakwenda polepole. Cherehani langu la kukanyaga limekuwa zito, labda linataka mafuta. Kwa sasa nashona zaidi vitu vya mkono, vifungo na kola.

Nguzo niko ishirini. Nakwambia mapema usije ukajisifu.

Wewe tembea, Selpha. Hata kusingekuwa na masharti, tembea.

Lornah


Port Victoria,
21 Oktoba 2025

Lornah,

Nguzo ishirini. Nimekufikia juzi.

Ile ya kumi na nane iko pale barabara inapoteremka ufuoni. Sijaliona ziwa kwa karibu tangu mwezi wa pili. Wanawake wa omena waliniona kutoka mbali wakainuka wote. Beseni langu liko palepale nilipoliacha, limepinduliwa, na watu wameanika samaki kulizunguka lakini mahali pangu hawajapagusa. Nikaketi juu yake nikalia, nao wakalia, kuku naye akatuangalia.

Ningeweza kuishia hapo, lakini wewe uko ishirini. Kwa hivyo nikapanda kilima cha kwa chifu kwa ajili ya hizo mbili zilizobaki. Kwenye ya ishirini nilitapika chai yote. Wechuli siku hizi ananifuata nyuma, anasema anakwenda kuangalia nyavu ingawa nyavu haziko upande ule. Alitaka kuita boda. Nikamwambia Lornah wa Manyatta ametembea ishirini na hakuna boda aliyembeba. Nikarudi kwa miguu, tukipumzika kila nguzo ya tatu.

Sasa kuna jambo. Frankline anasema kila akikuletea barua hunyanyuki. Anakukuta umeketi, mguu mmoja umeuweka juu ya stuli na umeufunika leso. Anasema leso ni ileile kila wiki. Niambie kama ni kweli.

Selpha


Manyatta,
28 Oktoba 2025

Selpha,

Frankline aangalie barabara. Nilikuwa nimetoka kutembea, nikawa napumzika. Mtu haruhusiwi kuweka mguu kwenye stuli ndani ya nyumba yake?

Niko nguzo thelathini. Masharti ni yaleyale. Wiki hizi nina kazi nyingi, usinitumie maswali.

L. Amolo


Port Victoria,
11 Novemba 2025

Lornah,

Nguzo thelathini na moja. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua ilikuwa imekatika. Sikutapika. Mashahidi ni Wechuli, aliyekuwa nyuma yangu na mwavuli, na kuku.

Alhamisi ya tarehe 20 nitashuka Mamboleo saa mbili asubuhi na nitakuja kwako. Jiandae.

Selpha


Manyatta,
11 Novemba 2025, saa saba mchana

Selpha,

Frankline yuko mlangoni anakunywa chai. Nimemwambia asiondoke mpaka nimalize, kwa sababu akiondoka sitaandika tena.

Usije.

Mguu wangu wa kushoto umevimba. Ulianza mwezi wa saba, wiki moja baada ya kumzika Bridget. Kwanza kilikuwa kifundo tu, viatu vikakataa. Sasa umefika pajani, na nikibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Hauumi sana, ni mzito tu, kama nimeazimwa mguu wa mtu mwingine. Cherehani siwezi kulikanyaga. Vitambaa vya kwaya nilivirudisha, nikamwambia mwenyekiti nina homa.

Wewe hukuona, lakini Bridget alianza hivihivi, mguu kwanza. Alinionyesha akicheka, akasema ni kukaa sana kwenye gari. Kwa hivyo ukitaja kliniki, mimi naliona kaburi lake na wanaume wakivuta kamba. Naogopa, Selpha. Nimeogopa kila siku tangu Julai na sijamwambia mtu. Winny anafikiri navaa leso ndefu kwa sababu ya uzee.

Halafu hizo nguzo. Ungekuja ungeziona nguzo za Manyatta. Hapa kila ploti imesimamishiwa yake, nyingine karibu zigusane. Kutoka kwangu hadi choo cha ploti kuna tatu. Hadi dukani, sita. Zile kumi na mbili za kwanza zilikuwa za kweli, nilikuwa nakwenda dukani na kurudi. Nilijua za kwenu zimesimama mbalimbali, niliipita barabara hiyo kwenye harusi ya binamu yangu. Sikukwambia. Nilitaka tu kukushinda, kama kule kwenye korido.

Ishirini sikuzitembea. Thelathini sikuzitembea. Niliandika nikiwa nimeketi kwenye hiyo stuli, nikatafuta namba ambayo mtu aliyekatwa na kuchomwa kama wewe hataiweza. Nilitaka ushindwe ili uniache. Niliposoma jinsi ulivyotapika niliona aibu sana, na bado nikaandika thelathini.

Frankline amemaliza chai.

Lornah


Port Victoria,
18 Novemba 2025

Lornah,

Nimekaa na hasira wiki nzima, ndiyo maana sikukupigia simu. Siku niliyopata barua yako niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Umenitapisha kwa chifu, mbele ya watu waliokuja kutafuta vitambulisho, kwa sababu ya nguzo ulizoandika ukiwa umeketi. Mume wangu ameishi na hofu kwamba nitaanguka barabarani. Hayo nayasema mara moja tu. Nimemaliza.

Wechuli aliniuliza kwa nini nafua hivyo, nikamweleza. Akasema, "Lakini wewe hizo posti umetembea kweli." Ni kweli. Zako hazikuwepo, zangu zipo, na hata nikikasirika vipi siwezi kuzirudisha. Septemba sikuweza kumfikia mbuzi. Jana nilibeba maji yangu mwenyewe, nusu ndoo, na wamama wa zamu wakanipigia kelele nikaendelea kutembea.

Mguu wako siujui. Na wewe pia huujui. Nilimpigia Celestine kwa simu ya Wechuli, nikauliza mguu ukivimba baada ya tezi za nyonga kutolewa maana yake ni nini. Akasema inaweza kuwa mambo mengi, mengine yana matunzo yasiyotisha, lakini lazima uangaliwe, na ungekuwa umeangaliwa zamani. Hakuniuliza ni mguu wa nani. Alisema tu, "Mwambie Lornah naleta bendeji."

Wewe mwenyewe ulitoa masharti. Nikikufikia, utakwenda. Nimekufikia na nimekupita. Uwongo ulikuwa wako peke yako, lakini masharti ni ya watu wawili. Keshokutwa saa mbili na nusu nitakuwa mlangoni kwako. Tutatembea hadi barabara ya lami kwa mwendo wa huo mguu, hata kama ni asubuhi nzima, halafu boda watatuchukua. Mimi pia naogopa. Nilikwambia nina nguvu, sikukwambia siogopi.

Selpha


Manyatta,
9 Desemba 2025

Nyamera Selpha,

Ulirudi na Frankline kabla majibu hayajatoka, kwa hivyo nakuandikia yaliyobaki.

Ripoti ya picha ilitoka wiki jana. Ni safi. Nilimwomba daktari anisomee mara mbili, kisha nikampa Winny asome na yeye, kwa sababu siku ile ya kliniki ulipokwenda kuchukua namba ya foleni nilimweleza yote hapo kwenye benchi, na tangu wakati huo hataki kuambiwa kitu nusunusu. Mguu ni maji ya mwili yaliyokosa njia ya kupanda, kwa sababu ya zile tezi walizotutoa. Hautarudi kuwa kama zamani, walinieleza wazi, lakini unatunzwa. Celestine ananifunga bendeji mara mbili kwa wiki, kuanzia vidoleni hadi juu, na ukipungua vya kutosha nitapewa soksi ya kubana. Matunzo mengine ni kutembea. Nilimuuliza mara mbili nikidhani amekosea. Miezi minne nilikuwa nimeuficha mguu kwenye stuli, na ulichotaka ni kutembezwa ukiwa umefungwa vizuri.

Nilipotoka na ile ripoti nilikaa nje nikalia. Nilimlilia Bridget. Siku ya kumzika nilikuwa nimelia, lakini nusu ya machozi yale yalikuwa yangu mwenyewe.

Nimefikiria sana kuhusu korido, siku hiyo Celestine alipotupima tena. Wewe ulifika mita mia nne na thelathini kwa dakika sita, wauguzi wakatoka vyumbani kutazama. Mimi nilifika mia moja na kumi, nikishika ukuta. Hukunicheka. Ningekuwa mimi ningecheka, nakwambia ukweli. Sasa naanza kuzoea kuusema.

Mwenyekiti wa kwaya amenirudishia vitambaa sita. Nakanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, nguo moja kwa siku tatu. Krismasi wengine watavaa za mwaka jana.

Leo asubuhi nimetembea nguzo tatu. Ngoja kwanza, usiseme kitu. Winny alinipeleka hadi barabara ya Mamboleo, kule ambako zimesimama mbalimbali kama za kwenu. Nilihesabu hatua ili niwe na uhakika: ni tisini na mbili zangu kutoka moja hadi nyingine. Kwenye ya tatu nikaketi juu ya jiwe. Nilitaka ya nne, nikaiacha ya kesho.

Watu walinitazama, mguu mmoja mnene na mweupe wa bendeji, lakini hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Nilikuwa na yule kuku mwekundu kwapani, uliyeniachia ukisema kwako hana kazi tena. Ana adabu, hapigi kelele, na amezoea barabara kuliko mimi. Ukipita nguzo ya saba, mwambie yule mama wa mafuta ya taa kwamba kuku amefika.

Lornah